Kicheko Hakizibwi kwa Taulo

Filamu ya kinyozi mimi siipendi, na naomba niseme mapema asije mtu akaniita mnafiki. Watu wanaisifu. Wanasema inachekesha na inaliza, kana kwamba kuchekeshwa na kulizwa kwa tiketi moja ni ofa ya mwisho wa mwaka. Mimi nasema mtu akikualika kwake, ukafika, ukaketi, ukacheka na watoto wake, kisha akavuta pazia na nyuma yake pana jeneza, huyo si mwenyeji mzuri. Baba yangu naye haipendi, ila kwa sababu nyingine kabisa, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Nina haki ya kuisema vibaya kwa kuwa kinyozi yule alizungumza kwa mdomo wangu. Kazi yangu ni kuingiza sauti. Filamu inakuja na lugha ya kwao, mimi nasimama kando ya ukuta mweupe wa ukumbi na maiki mkononi, nawasemea wote: mume, mke, adui, mtoto, mbwa. Mbwa ndiye rahisi. Yale maandishi madogo ya chini nayasoma nikiwahi. Nisipowahi nabuni, na sijawahi kusikia mtu akilalamika. Wananiita Chiriku, jina nililopewa shuleni kwa ubaya na ambalo sasa limeandikwa kwenye tangazo la ukumbi kwa rangi nyekundu.

Kazi hii ina sheria zake. Ya kwanza, huruhusiwi kuitazama filamu kabla ya watu. Aliyenifundisha alikuwa akisema utani uliopikwa jana umeshachacha, kwa hiyo unakutana na filamu palepale, pamoja na wateja, na kinachokutoka ndicho hicho. Ya pili, stelingi hafi. Stelingi ndiye yule mwema, mwenye filamu yake, na hata mtoto wa chekechea anajua kwamba akipigwa risasi itampata begani, akisukumwa kwenye korongo pana mti. Ikitokea kweli amekufa, unawaambia watu anajifanya. Wanarudi nyumbani na amani.

Nyumbani kwetu tuko watatu: mimi, Baba na Mama Mdogo. Mama Mdogo ni mjane wa baba yangu mdogo, yaani mdogo wake Baba wa tumbo moja. Ndugu hao wawili walikwenda vitani siku moja, ndoa ya Mama Mdogo ikiwa bado mbichi. Baba alirudi, mwenzake hakurudi. Tangu hapo Mama Mdogo yumo katika chumba cha nyuma na cherehani yake, anashona sare za shule, na mama yangu alipofariki ndiye aliyenilea, mkono wa kushoto wa kubembeleza na wa kulia wa kuchapa. Alikuwa anatumia zaidi wa kulia, nami nasema alikuwa na sababu.

Baba mtaani wanamwita Komando. Ni fundi saa, na kibanda chake kina viti vingi kuliko saa, kwa sababu watu hawaendi pale kujua ni saa ngapi, wanakwenda kusikiliza vita. Vita vya Baba ni vichekesho vitupu. Kuna jenerali aliyekagua gwaride suruali ikiwa imepasuka nyuma, na kikosi kizima kikapewa adhabu kwa kutazama mbele. Kuna mbuzi aliyekula ramani, akawekwa mahabusu kama jasusi, askari wakamlinda kwa bunduki wakingoja ramani itoke. Kuna mpishi aliyekoroga chai kwa sabuni ya unga, adui wakaona watu wanatoka mapovu, wakakimbia wakidhani ni tauni. Ukimsikiliza Baba utajiuliza kwa nini watu waliruhusu vita viishe.

Kisa kimoja tu hakina mwisho. Ni kile cha yeye na mdogo wake kujificha ndani ya kalvati, lile bomba kubwa la kupitishia maji chini ya barabara. Kinaanza vizuri sana: walivyopotezana na wenzao, walivyoingia kinyumenyume, Baba alivyomkalia chura na chura akalalamika. "Basi tumejibanza humo mimi na mdogo wangu, adui wanapita juu ya vichwa vyetu, tukacheka sisi!" Hapo Baba hukohoa na kuuliza kama kuna chai.

"Halafu?" Mama Mdogo humuuliza.

"Halafu vita vikaisha, shemeji."

Serikali ilisema alifia kazini. Kazini! Utadhani aliteleza ngazi akipaka rangi. Mama Mdogo amezeeka na neno hilo moja na swali lake moja, na Baba amezeeka na mbuzi wake.

Sasa Mama Mdogo alikuwa anaondoka. Binti wa dada yake, aliyeolewa mbali, amejifungua mapacha na hana mtu wa kumshika mkono. Cherehani ilikuwa imekwisha fungwa kamba, safari ni Jumamosi. Mwanzoni mwa wiki hiyo alinikuta jikoni nikiosha vyombo, akafunga bomba la maji ili nimsikie.

"Chiriku, mwanangu. Nikiondoka hapa bila kujua mume wangu alikufaje, ndiyo basi tena. Baba yako si kijana. Mimi si kijana. Sisi wawili hatutaonana."

"Si umuulize, Mama."

"Nimemuuliza mpaka ulimi umeota sugu. Namuuliza mume, ananipa mbuzi." Akachukua sahani mkononi mwangu, akaifuta yeye. "Wewe una ukumbi. Mpeleke akaone vita. Mtu akionyeshwa kidonda chake huenda akashika panapouma."

Nikafikiri. Nilitaka Mama Mdogo apate jibu lake, lakini pia sikutaka kumuua mzee wa watu kwa mizinga. Nikajiona mjanja: nitatafuta vita, lakini vya kucheka. Fundi wa ukumbi, ambaye ndiye mwenye projekta na ufunguo, alikuwa na filamu mpya. Kwenye kasha pana kinyozi amejaa povu la sabuni usoni, na ofisa wa jeshi anacheka kwa meno yote aliyojaliwa.

"Hii vipi?" nikamuuliza.

"Vita, ila komedi," akasema fundi, ambaye naye hakuwa ameitazama, kwa maana sheria ni sheria. Hivyo ndivyo sisi watu wazima wawili tulivyomchagulia mzee dawa kwa kutazama picha iliyo nje ya chupa.

Alhamisi alasiri ukumbi ulifurika. Baba alivaa koti lake la misiba na harusi, akakaa benchi la pili, akipokea salamu za vijana waliokuwa wakimpigia saluti. Mama Mdogo alikaa kando yake, mkoba magotini, mgongo umenyooka, kama mtu anayengoja kuitwa ndani na daktari.

Kisa chenyewe ni hiki. Mji umetekwa. Kinyozi, ambaye nilimbatiza Maneno, amewaficha wakwe zake darini, juu kabisa ya kiti cha kunyolea. Kila asubuhi mkubwa wa maadui, nikamwita Afande Mashavu, anakuja kunyolewa ndevu. Mbao za dari zinalia. Kila zikilia, Maneno anatupa kichekesho, Mashavu anacheka kwa kishindo mpaka vioo vinatikisika, na kule juu wale maskini wanapata nafasi ya kujigeuza ubavu. Siku hiyo nilikuwa moto, na mwenye macho haambiwi tazama. Mashavu nilimpa sauti ya mwenyekiti wetu wa mtaa. Mama mkwe nilimpa mafua. Watu walikuwa wanashika mbavu, wanapigana makofi mgongoni, na mimi nikawa nawapoza kila Mashavu anapotazama juu: "Tulieni, jamani. Stelingi hafi. Nawaapia."

Baba alikuwa anatabasamu kwa adabu. Kuna tabasamu analompa mteja aliyeleta saa feki, lilikuwa lile.

Ikafika sehemu ya taulo. Maneno anatoa kichekesho kitamu kuliko vyote, na darini kinampata shemeji yake, jamaa mnene mwenye mashavu ya kitoto. Anataka kucheka. Chini, Mashavu yuko kimya, wembe uko shingoni. Mke wa yule mnene anamsokomeza taulo mdomoni. Jamaa anavimba, macho yanamtoka, machozi yanamtiririka, taulo linaingia lote mpaka zile nyuzi za pindoni, na hakikusikika kitu. Hata pumzi. Ukumbi ulianguka. Kuna mtu alidondoka benchi kikwelikweli na wenzake wakashindwa kumwinua.

Baba akasimama.

"Uongo!"

Watu wakazidi kucheka, wakijua Komando ameanza mambo yake.

"Kicheko hakizibwi kwa taulo!" Baba akapaza sauti, kidole kimeelekea ukutani, kivuli cha kidole kimeangukia pua ya Mashavu. "Nani kawadanganya? Hakizibwi!"

Maiki ilikuwa mkononi, na mdomo wangu hauna breki. "Mzee wetu huyo," nikasema, "siku yake alikosa taulo."

Ukumbi ukalipuka. Baba alinitazama, si kwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyeitwa jina lake na mgeni. Akavaa kofia, akapita katikati ya magoti ya watu akiomba radhi, akatoka.

Ningemfuata, lakini mwenye maiki haachi maiki, hiyo nayo ni sheria. Mama Mdogo naye hakumfuata. Alibaki palepale, ila tangu hapo hakutazama filamu tena. Alikuwa anautazama mlango.

Mwisho wake, kwa wale ambao hawajaiona na ambao nawashauri wasiione: vichekesho vilimwishia Maneno. Asubuhi moja akarudia cha zamani. Mashavu akajifuta povu taratibu, akasema kile nilishakisikia, kisha akawaambia askari wake wapande darini. Alijua tangu siku ya kwanza. Alikuwa anakuja kwa ajili ya vichekesho tu.

"Msihofu," nikawaambia watu, "stelingi hafi." Wakatolewa nje, wamepangwa ukutani. "Hapa sasa ataruka teke." Hakuruka teke. "Bunduki zile hazina kitu ndani, mtaona wenyewe." Zilikuwa nacho. "Anajifanya," nikasema. Kamera ikamsogelea Maneno pale chini, inzi akaja akatua kwenye kope, Maneno akajifanya, akaendelea kujifanya, mpaka mimi mwenyewe nikanyamaza. Majina ya waliotengeneza filamu yalipita ukumbi mzima umekauka. Nyuma kabisa mtu mmoja akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyeporwa, "Chiriku, si ulituapia?"

Njiani Mama Mdogo alitembea haraka kuliko miguu yake.

"Umesikia alichosema?" akaniuliza.

"Nimesikia, Mama. Nitamwomba radhi."

"Sizungumzii mdomo wako, huo Mungu atashughulika nao. Amesema hakizibwi. Umemsikia alivyosema? Mtu hasemi hivyo kwa jambo la kusikia."

Tulimkuta Baba sebuleni. Alikuwa ameifungua saa ya ukutani, vipuri vimetandazwa mezani juu ya kitambaa, na hakuwa anaitengeneza. Ile saa haikuwa mbovu. Nikapiga goti kando ya kiti chake nikasema, "Baba, nisamehe, nimekuaibisha mbele za watu." Akanigusa kichwa akasema kazi ni kazi. Hilo lilinichoma kuliko kofi.

Mama Mdogo akavuta kiti, akakaa upande wa pili wa meza. Nilijua swali linalokuja, na jibu lake nilikuwa nalijua. Lakini yule mama hakushona sare miaka yote ile bila kujua kwamba kitambaa kigumu hakikatwi kwa kukivuta.

"Shemeji," akasema, "ile filamu umeionaje?"

Nadhani hakuna aliyewahi kumwomba Baba maoni. Huwa wanamwomba visa. Akawaza kidogo, akashika skrubu moja, akairudisha.

"Mbaya."

"Mbaya kwa lipi? Watu wamevunjika mbavu."

"Wamecheka kwa kuwa hawajui. Yule mnene hawezi kunyamaza vile. Watengenezaji wanadhani hofu inaua kicheko. Hofu haikiui, shemeji, inakichochea. Ukiwa salama unaweza kujizuia. Ukiwa unajua ukicheka unakufa, hapo ndipo kinapokushika kweli."

"Labda taulo lilikuwa nene."

"Hata lingekuwa godoro!" Baba akapiga meza, vipuri vikaruka. "Ukiziba mdomo kinatokea puani. Mimi nilimziba kwa mkono huu, mkono mzima, nikambana mpaka kidole gumba kikamwingia jichoni, na bado kikatokea puani!"

Akabaki ameunyosha ule mkono juu ya meza. Nafikiri ndipo alipokisikia alichosema. Nami nikawa naogopa hata kubadilisha goti.

"Halafu?" akasema Mama Mdogo, taratibu sana.

Nikangoja vita viishe. Havikuisha.

"Halafu viatu kule juu vikasimama," Baba akasema. "Wakawa wanasikiliza. Yeye akaniangalia. Akanisukuma ndani kwenye maji, akanikanyaga begani, akatoka yeye. Mikono juu. Alikuwa bado anacheka, shemeji. Hakuwa anajifanya shujaa, alikuwa hawezi kuacha. Wakampiga risasi anacheka. Nikasikia mmoja wao anasema kwa lugha yao, na nadhani alisema huyu ni kichaa, maana hawakuchungulia. Kichaa hatembei na mwenzake."

Mama Mdogo alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Hakulia. Alitikisa kichwa kidogokidogo, kama mtu anayepokea mzigo na kuuweka vizuri kichwani kabla ya kuondoka nao.

"Alikuwa anacheka nini?"

"Basi, shemeji. Ulitaka kujua alivyokufa, umejua."

"Nani alimchekesha?"

Baba akautazama mkono wake. "Mimi," akasema. "Utani wangu ndio uliomuua mdogo wangu. Tangu siku hiyo sijaacha kusema utani. Nilidhani nikisema mingi, ule mmoja utapotea katikati yao."

"Utani gani?"

"Shemeji, nakuomba."

"Nimekaa katika nyumba hii nikisikiliza mbuzi na jenerali mpaka mvi zikanijaa. Nimekucheka hata pale usipochekesha. Na ule ulioniondolea mume mimi ndiye nisiyeujua? Niambie. Ule ni wangu."

Kama ingekuwa filamu, hapa wangeweka zeze. Sisi tulikuwa na sauti ya jirani akiburuta ndoo. Mimi ninayewasemea hadi mbwa, sikuwa na neno la kumtilia mtu yeyote mdomoni.

Baba akaanza kwa sauti ndogo, anaviambia vile vipuri. "Tulikuwa na njaa ya kufa. Akaingiza mkono kwenye mfuko wake, akatoa kipande cha mwisho cha mkate. Ule uliotufungia siku ya kuondoka."

"Mkate wangu."

"Wako. Akauuma upande huu, ukagoma. Akaugeuza, ukagoma. Nikasikia jino linalia. Na kule juu watu wanapita, wengi, hawaishi. Nikamsogelea sikioni nikamwambia: mdogo wangu, usiumalize huo. Tuwatupie hao, vita viishe leo tukalale."

Sikuthubutu kumtazama Mama Mdogo usoni, nikayatazama mabega. Yalianza kutikisika. Nikainuka nimshike, nikijua sasa amevunjika. Alikuwa anacheka. Alicheka kicheko ambacho sijawahi kumsikia nacho, kicheko cha msichana, cha mke wa miezi michache, akapiga meza kwa kiganja, akajaribu kusema akashindwa, akajaribu tena.

"Hamira," akasema alipopata pumzi, machozi yanamtiririka. "Nilisahau kutia hamira. Niligundua mmeshapanda lori. Nikakimbia mpaka barabarani, mmeshaondoka. Maisha yangu yote, shemeji, nimekuwa nikijiuliza kama aligundua."

Baba akachukua kile kitambaa cha saa, akajifuta macho, vipuri vikamwagika sakafuni.

"Aligundua, shemeji," akasema. "Aligundua sana."